Mdalasini Ndani ya Eda

Sauda mwanangu,

Asubuhi uliniamkia nikakuitikia, na hali yangu umeiona kwa macho yako, kwa hiyo sitakuuliza kama u mzima wala sitakwambia kwamba mimi ni buheri wa afya. Tumo nyumba moja. Wewe umetoka kwenda kwa fundi cherehani kuchukua sare zako, mimi nimekaa kwenye kigoda jikoni na karatasi nimeilaza juu ya sinia. Nje mvua ya masika inanyesha, ile isiyo na haraka, na mbele yangu kuna sufuria yenye makaa juu ya mfuniko. Nakuandikia kwa sababu nikisema mbele yako nitalia, na wewe ukiniona nalia utapata sababu nyingine ya kutokwenda.

Maana hilo ndilo jambo lenyewe. Jana niliingia chumbani kwako nikakuta begi liko wazi kitandani, na nguo ulizokwisha kuzipanga umezirudisha kabatini. Nilipokuuliza, ukasema, "Mama, nitaomba nafasi tena mwakani. Chuo hakikimbii." Ukasema kwa ile sauti yako ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemchoka. Gari lako ni kesho alfajiri. Isaya, rafiki wa baba yako, yuko Chalinze anakusubiri akupandishe basi la Njombe, chuo cha uuguzi kimekuita kwa jina lako, na wewe unakunja nguo kuzirudisha kabatini! Nikatoka nikaenda kumenya epo.

Namjua aliyekutia maneno, na wewe unajua kwamba namjua. Shangazi yako Mwajuma, dada wa marehemu baba yako, ambaye nyumba yake na yetu zimetenganishwa na uchochoro tu. Juzi kwenye hitima alisema mbele ya watu, nawe ukiwa umeshika birika la chai, "Mtoto wa kike anakwenda Njombe kufanya nini? Amwache mama yake peke yake kama gunia? Hiyo kwetu ni aibu." Wewe ukainamisha kichwa, ukaendelea kumimina chai mpaka kikombe cha mtu kikafurika. Mimi nilikuwa naliangalia lile birika.

Mambo ya kuvaa sweta, kuswali kwa wakati, kutompa mtu simu yako akushikie, nayapita. Una akili ya kutosha, na usiyoyajua utafunzwa na baridi. Nataka kukwambia habari ya hii sufuria iliyo mbele yangu, kwa sababu nusu yake unaijua na nusu nyingine sijawahi kukutajia, na mimi naona yale maneno ya shangazi yako yasingekuingia hivyo kama mimi sikukutobolea njia mwenyewe.

Wewe shuleni ulifundishwa kuyaita matufaha. Mimi na baba yako tulikuwa tunasema epo, kama wanavyosema Chalinze, na nitaandika hivyohivyo, usinisahihishe.

Unakumbuka kazi ya baba yako. Fundi wa pancha, kando ya maegesho ya malori pale Chalinze. Wiki nzima yuko huko, Alhamisi jioni anarudi hapa Dunda ili Ijumaa aswali na watu wake. Msimu wa epo ukifika, madereva wanaoshuka kutoka Njombe walikuwa wanamwachia zile zilizogongana njiani zikapata madoa, ambazo huko Dar hakuna atakayezitazama. Mara ya kwanza aliingia na boksi begani, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Wewe hujazaliwa. Nikamwambia, "Rama, wanaume wenzio wanarudi na nyama, wewe unatuletea matunda ya kumpelekea mgonjwa. Kwani nani kalazwa?" Akasema, "Atakayelazwa ni yule atakayezila zote peke yake." Akakaa chini akaanza kutafuta kisu.

Zilikuwa zimepondeka, haziliki mbichi. Nikazimenya, nikazikata vipande, nikavitandaza kwenye sufuria na sukari, iliki na mdalasini. Juu yake nikamwaga unga wa ngano niliousugua kwa samli na nazi iliyokunwa ikakaangwa, na hamira kidogo, maana nilitaka iumuke kama keki za watu. Tanuri sina, nikafanya kama tunavyofanya wali: moto wa chini kidogo, nikafunika, nikapalia makaa mengi juu ya mfuniko. Sasa mimi na haraka zangu, kila mara nafunua nachungulia. Ilipoiva ikawa imebonyea katikati. Baba yako akainama, akaitazama kifundi, akaibonyeza kwa kidole, akasema, "Hii imepata pancha." Kisha akala nusu sufuria.

Tangu hapo chakula hicho kikaitwa pancha humu ndani. Wewe ulipoanza kusema, uliomba pancha kabla hujajua kuomba wali. Na ule ukoko wa chini, sukari iliyoshikana na epo ikawa nyeusi, ulikuwa wa baba yako. Mtu mwingine akiugusa anapigwa mwiko wa mkono. Shangazi yako peke yake ndiye aliyekuwa akimegewa, kwa sababu ni dada yake na kwa sababu alikuwa hakosi Alhamisi jioni, anakuja na kikombe cha chai mkononi kabisa, eti anapita tu.

Kisha ikaja ile siku. Alikuwa anajaza upepo gurudumu la lori, akasema anasikia kizunguzungu, akakaa chini, hakuinuka tena. Aliyemleta nyumbani ni Isaya, Mbena aliyekuwa akifanya naye kazi, yule mwenye kuongea taratibu. Watu walipokwisha kumwingiza ndani, Isaya akarudi garini akatoa vitu vyake: shuka, jeki ndogo, kanzu ya Ijumaa, na boksi la epo. Akaniambia, "Shemeji, hizi alikwisha kuziweka pembeni, zenu. Nimeona si vyema kuziacha." Boksi likasukumwa chini ya meza, watu wakaweka khanga zao juu yake, matanga yakapita.

Nikakaa eda. Wewe ulikuwa darasa la tatu, na nadhani unakumbuka yale mavazi meupe na mimi kutotoka nje. Mjane akikaa eda hajipambi, hatii wanja, hajifukizi udi, hatumii manukato ya aina yoyote. Hayo niliyashika yote, na niliyashika kwa mapenzi, si kwa kuogopa mtu. Mume wangu alistahili.

Lakini wewe ulikuwa umeacha kula. Hukulia, hukupiga kelele, uliacha kula tu. Tulikuletea uji, ukaushika mpaka ukapoa. Tulikuletea mkate wa kumimina wa jirani, ukauweka juu ya dirisha ukaliwa na sisimizi. Ukirudi shule unakaa sakafuni karibu na lile boksi, umeegemeza mgongo, hata neno hakuna. Shingo yako ilibaki kama ya kuku aliyenyeshewa. Niliogopa, Sauda. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku Isaya aliposimama mlangoni.

Mwishowe epo zenyewe zikaanza kutoa ile harufu ya kuiva kupita kiasi. La kuvunda halina ubani. Nikaona hapa ama nizitupe, ama nizipike, na kuzitupa epo alizonibakizia mume wangu nisingeweza hata kwa kushikiwa panga. Mvua ilikuwa inanyesha kama leo, uani hapakaliki, nikaingiza jiko la mkaa humu ndani, nikafungua dirisha la uchochoroni moshi utoke. Nikamenya. Nikatia mdalasini mwingi kuliko kawaida, kwa kuwa nyingine zilikuwa zimeanza kuchacha. Nikapalia makaa.

Harufu ilipoanza kutoka, ukaja. Ulisimama hapo mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine, ukaniuliza, "Mama, baba karudi?"

Nilikwambia hapana. Nilikwambia baba harudi, lakini epo zake zimerudi, njoo ukae. Ukaja ukakaa juu ya kinu kilicholazwa, ukasubiri. Ulikuwa unalia na huku umeshika sahani. Nilijua sasa utakula.

Ndipo shangazi yako alipotokea dirishani.

"Wifi, harufu gani hiyo?"

"Napika, wifi."

"Unapika nini chenye kunukia namna hiyo? Udongo wa kaka yangu haujakauka, wewe unajifukiza?"

"Wifi, ni mdalasini. Zile epo za boksi."

"Mdalasini, udi, karafuu, yote ni kunukia. Mwenye eda hanukii! Watu wanapita hapa wanajiuliza humu mna arusi?"

Mimi unanijua. Niliwahi kugombana na mpima samaki pale sokoni mpaka akanirudishia changu wangu na mmoja wa nyongeza ili niondoke. Lakini siku ile nilimwona na macho yake mekundu, nikaona na wale wanawake wawili waliosimama nyuma yake na ndoo zao, nikaona haya. Nikasema, "Basi, wifi, yaishe." Nikafunga dirisha. Moshi ukajaa humu ndani mpaka tukakohoa. Nikakupakulia, nikakusogeza nyuma ya mlango, nikakunong'oneza, "Kula hapahapa, wasikuone. Na usimwambie mtu."

Ukala. Ulikula sahani nzima, umejibanza baina ya mlango na ukuta, unatafuna bila sauti. Hiyo ndiyo nusu unayoikumbuka. Nilishawahi kukusikia ukimwambia rafiki yako kwamba pancha ni chakula cha kujificha, mkacheka.

Nusu ya pili sijui kama unaikumbuka, naomba Mungu uwe umeisahau, lakini nitaiandika. Kesho yake ulikwenda madrasa. Katikati ya somo ukanyoosha mkono, wewe kitoto ambacho kilikuwa hakijasema neno mbele ya watu tangu msiba, ukauliza mbele ya wenzako wote, "Maalimu, mdalasini ni manukato?" Wenzako wakacheka. Maalimu hakucheka. Akakuuliza, "Mnaupaka au mnaula?" Ukasema mnaula. Akasema, "Basi hicho ni chakula. Mwambie mama ale, na wewe ule, na mimi akinibakizia sikatai."

Ukatoka mbio. Uliukimbia uchochoro wote unapiga kelele, "Mama! Maalimu kasema ni chakula! Maalimu kasema tule!" Sauti yako ilikuwa imerudi, mwanangu. Nyumba nzima ya jirani waliisikia. Ukaingia ukumbini na viatu, unahema, unacheka, ukanikuta nimekaa na shangazi yako na wanawake wengine juu ya mkeka. Na mimi nikainuka nikakuzaba kofi.

Nikakwambia, "Nani kakutuma ututangaze?" Kisha nikamgeukia shangazi yako, nikamwomba radhi. Nilimwomba radhi kwa kupika chakula cha halali, ndani ya nyumba yangu, kumlisha mtoto wangu mwenye njaa. Akanijibu, "Sheria inaruhusu, wifi, lakini desturi hairuhusu." Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga.

Sasa nisikilize vizuri. Kupika sikutubu, na sitatubu. Hata nikisimamishwa kesho mbele ya Dunda nzima, nitasema nilipika, na ningepika tena, na ningetia mdalasini zaidi. Ninalojuta ni dirisha, na ile radhi, na lile kofi. Kofi zaidi ya yote. Wewe ulikuwa umekwenda kunitafutia haki yangu, mtoto wa miaka hiyo, ukanirudia nayo mkononi, na mimi nikakufundisha kwamba haki ni jambo la kulisema nyuma ya mlango.

Na ulifundishika, maana wewe ni mwepesi wa kujifunza. Tangu hapo ukicheka unaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi niliyasikia kwa muuza mkaa, kwa sababu wewe ulikuwa umeona si vizuri kujisifu wakati mtoto wa jirani kafeli. Habari za chuo ulizificha chini ya godoro hata nikazikuta nikitandika. Watu wananisifu, wanasema Sauda ana adabu, Sauda mtulivu. Mimi nikisikia hivyo nasikia ile sauti yako uchochoroni ikikatika.

Mimi mwenyewe nikaiacha pancha. Kila msimu Isaya alikuwa anatutumia epo kwa watu wa magari, na mimi nazigawa mbichi kwa majirani, tena ya kwanza nampa shangazi yako. Miaka yote hiyo nilijidanganya kwamba nimeacha kwa sababu ya huzuni. Uongo mtupu, niliacha kwa kuogopa mdomo wa wifi yangu. Baba yako angekuwepo angenicheka mpaka akashika mbavu.

Usije ukadhani namchukia Mwajuma. Nilichelewa kumwelewa, lakini nimemwelewa. Harufu ile kwake ilikuwa ni Alhamisi. Alikuwa kwake anaosha vyombo, pua ikamwambia kaka yake amerudi kutoka Chalinze na ukoko unamsubiri, akatoka na haraka zake, akafika dirishani akanikuta mimi na mavazi meupe. Ningekuwa mimi ningepiga mtu. Kwa hiyo namwelewa, na namwonea huruma, na bado nasema alikosea. Uchungu wake haukumpa ruhusa ya kumnyima chakula mtoto wa kaka yake, na leo haumpi ruhusa ya kumnyima safari. Usinichanganyie mambo hayo mawili, na wewe usiyachanganye. Unaweza kumhurumia mtu na ukakataa anachokwambia, siku hiyohiyo, bila kuacha kumpa shikamoo yake.

Kwa hiyo leo nimepika. Isaya alinitumia epo juzi, nilikuwa nimemwambia kwenye simu nizipate zenye madoa, nzuri sizitaki. Akacheka, akasema, "Shemeji, bado tu unazitaka za fundi?" Nimezimenya zote. Nimetia iliki, nimetia mdalasini wa kumuudhi mtu. Na dirisha la uchochoroni nimelifungua mabawa yote mawili, nikaliwekea kijiti lisije likajifunga kwa upepo. Harufu inatoka inakwenda moja kwa moja kule inakotakiwa kwenda. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mimi nimekuwa ng'ombe mwenye kiu kwa muda mrefu mno.

Habari ya kwamba nitabaki peke yangu kama gunia, niachie mimi. Gunia halikaangi vitumbua. Asubuhi nina watoto wa shule wanaonililia chenji, jioni nina wanawake wenzangu wa kikoba, na katikati ya hapo nina shangazi yako wa kugombana naye. Upweke utapita hapa utakuta pamejaa. Nitakukumbuka, ndiyo. Nitakukumbuka mpaka nitaweka sahani yako kwa kusahau na kuiondoa. Hayo ni mambo yangu, ndiyo kazi ya mtu aliyezaa. Usiyabebe wewe kwenye begi lako, hayana nafasi.

Huko uendako kina shangazi wapo, wengine watakuwa wamevaa makoti meupe. Watakuuliza kwa nini umeuliza, kwa nini umecheka, kwa nini unanukia pwani. Ukikosea, omba radhi upesi wala usizungushe maneno. Mgonjwa hawezi kusubiri heshima yako ipoe. Lakini usimwombe radhi mtu kwa jambo lisilo kosa. Mimi niliiomba mara moja, na nimeilipia kwa sauti ya mtoto wangu.

Na jambo jingine, hili ni la kwangu mimi. Baba yako hakuwahi kufika Njombe. Aliishia Chalinze, akiisikia tu kwa madereva, kwamba kuna milima na ukungu na kwamba asubuhi mtu akisema unaona maneno yake yanatoka kama moshi. Alikuwa akisema siku moja atapanda lori aende akauone mti wa epo. Na mimi sijauona. Ukiuona, nielezee ukoje, kama una miiba, kama unapandika, kama maua yake yananukia. Usiniambie tu kwamba ni mzuri, nielezee.

*

Niliacha kalamu. Nimeirudia sasa, mkono una sukari, utaona madoa.

Shangazi yako amekuja, kama nilivyojua atakuja. Alisimama dirishani palepale, khanga kajitanda kichwani kwa ajili ya mvua, kikombe cha chai mkononi. Akasema yaleyale, hata neno hakubadilisha. "Wifi, harufu gani hiyo?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuanzia hapo mpaka magharibi. Lakini kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti nyuma yake, uchochoroni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa."

"Hiyo ni pancha ya baba," ukasema. "Mama ananipikia mimi. Kesho nasafiri."

Ulisema kwa sauti, Sauda. Muuza mkaa wa ng'ambo aligeuka kuangalia. Nilibaki nimeshika koleo ya makaa, sijui niiweke wapi.

Shangazi yako akakifunika kikombe kwa kiganja. Mvua ikawa inamchuruzika kwenye khanga. Akasema, "Njombe kuna baridi."

"Ndiyo, shangazi. Nitavaa sweta."

"Na mama yako?"

"Mama yupo. Na wewe upo."

Nikadhani atageuka aende zake. Akaingia. Akakaa juu ya kinu, palepale ulipokaa wewe siku ile, akachukua sahani, akainyoosha huku kikombe kiko mkono wa pili. Nikafunua. Imebonyea katikati kama kawaida yake. Tukala sote watatu mpaka sufuria ikaonekana chini, na yeye akauliza, haniangalii usoni, "Ukoko upo?"

Nikaukwangua wote nikamtilia. Wewe ukanyoosha mkono kwenye sahani yake, ukaukata katikati, ukachukua nusu. Ukamwambia, "Mwingine wangu, shangazi. Mimi ndiye mwenye baba." Niliziba macho nikisubiri matusi. Badala yake akacheka, kisha kile kicheko kikageuka kilio, akalia kwa sauti pale jikoni, dirisha likiwa wazi, watu wanapita, wala hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.

Sasa hivi mko ukumbini. Nawasikia mnabishana kama uende na samli au usiende nayo, yeye anasema wagonjwa wa huko nao wanahitaji samli, wewe unacheka, na hicho kicheko hakijazibwa na kitu. Nikaona ndiyo nafasi yangu ya kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya sweta, uikute huko huko.

Nimeingia chumbani kwako. Kabatini hamna kitu, na kitandani hamna begi. Nimelitafuta, nimelikuta mlango wa mbele, zipu imevutwa mpaka mwisho na kufuli umekwisha kulitia. Barua hii itabidi nikupe mkononi.

Mama yako.